Kijiti cha Athumani

Bellevue, Johannesburg, Ijumaa jioni

Sifa mwanangu,

Umekwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na mama yako yuko jikoni anagombana na mfuniko wa sufuria, kwa hiyo nina muda wa kuandika kabla hujarudi. Habari za blanketi, za dawa ya pumu, za kutomfungulia mlango mtu usiyemjua huko Kimberley, zote amekwisha kukuambia, na amezirudia hata majirani wanazijua. Mimi sina la kuongeza hapo. Unakwenda kufundisha watoto wa watu, kujifunika blanketi hakukushindi.

Ninaandika kwa Kiswahili, na najua utakisoma polepole, ukisimama kwenye maneno marefu. Vizuri, kisome hivyo hivyo. Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo, lakini mdomo wangu ndio ulioharibu mambo, na kwa miaka kumi na sita nimekuwa nikijiambia kwamba natafuta nafasi nzuri ya kuyatengeneza. Nafasi zilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nazipisha.

Nataka kukueleza friza ilivyoingia katika nyumba hii.

Hadithi unayoijua wewe ni fupi. Baba alishinda mashindano ya kuvua samaki ulipokuwa na miaka saba, akapewa friza. Mama akaanza kuuza barafu za mfuko kwenye geti la shule, kisha kuku, kisha samaki, na humo vikatoka viatu vyako, sare zako, na nauli ya chuo. Rafiki yake baba, Athumani, mtu wa Tanga aliyekuwa anakaa chumba cha nyuma cha nyumba hii hii, akaona wivu, akadai friza iwe yake kwa sababu aliwahi kukubeba hospitali. Tukaachana naye. Hadithi hiyo niliitunga mimi, Sifa. Kilicho kweli ndani yake ni friza na hospitali.

Wewe ulikuwa unampenda yule mzee. Sisi Wakongomani hatuna desturi ya shikamoo, lakini yeye alikufundisha ulipokuwa na miaka minne, na kila asubuhi ulikuwa unatoka na soksi moja kwenda kumwamkia mlangoni kwake, ukimgusa goti. Alikuwa anakuitikia marahaba kwa sauti ndefu, kisha anakupa kipande cha mkate. Sijui kama unakumbuka. Nilifanya kila niwezalo usikumbuke.

Kuvua pia alinifundisha yeye. Unacheka, najua: mtu wa Kalemie, aliyezaliwa ufukweni mwa ziwa zima, anafundishwa kuvua Johannesburg na muuza fanicha za mitumba! Lakini kwetu samaki wanavuliwa kwa nyavu na mitumbwi, ni kazi ya watu wengi. Kukaa kwenye kiti cha kukunja saa nane ukitazama ncha ya fimbo, huo kwetu ungeitwa uvivu. Athumani alinichukua Jumamosi moja kwenye bakkie, pikapu yake kuukuu, hadi lile bwawa la mashariki ya mji, lililoko nyuma ya mikaratusi, ambalo ni mali ya umma na kila mtu anaingia. Nilikuwa nimeshinda juma zima kwenye karakana ya kushonea kule Doornfontein, shingo imekakamaa, bosi amenisimamia kichwani. Nilikaa pale, nikapumua. Nikaanza kwenda kila Jumamosi.

Sasa elewa jinsi pale palivyokuwa, maana ndipo penye jambo lenyewe. Samaki anayetafutwa pale ni karpe, mnene, mwenye midevu, anayekula chini kwenye matope. Humpati kwa kubahatisha. Unachagua mahali pako ukingoni, na kwa siku tatu kabla ya Jumamosi unakwenda kutupa sima majini, pale pale, ili samaki wazoee kuja. Tuliita kulisha maji. Kila mtu na sima yake na siri yake. Athumani alitia iliki ndani ya sima yake, na alikuwa anaipika kwenye jiko letu la pamoja, ukumbi wote unanukia kama sikukuu. Akishalisha, anachomeka ukingoni kijiti chenye panda, kile ambacho fimbo huegemezwa juu yake. Kijiti kikishasimama, mahali pale pana mwenyewe hadi Jumamosi adhuhuri, awepo asiwepo.

Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Hakuna askari. Ungekuta Wazulu, Wakongomani, Wamalawi, Wahindi wa Lenasia, na mzee mmoja wa Kiafrikana, mstaafu wa migodi, tuliyemwita Oom, yaani mjomba kwa lugha yake, ambaye alikuja na redio na hakuwahi kuiwasha. Watu ambao mjini wasingepeana hata njia. Lakini pale unamsalimu jirani kabla ya kukaa. Hutupi ndoana yako kuvuka kamba ya mwenzako. Simu unaizima. Na mtu akinasa samaki mkubwa, majirani wake wote wawili wanakunja kamba zao, hata kama ndoana zao wenyewe zinaguswa, ili zisije zikasokotana, na aliye karibu anachukua wavu wa mkono na kumsaidia kumtoa. Hata kama humpendi. Hata kama ni mashindano. Usifikiri walikuwa malaika, walikuwa wanapimana samaki kwa macho na kusengenyana mpaka jua linazama. Lakini walikunja kamba.

Nitakuambia kwa nini jambo hilo lilinishangaza, na siyo kujitetea, ingawa utanusa utetezi ndani yake. Nilipofika nchi hii nilipanga foleni ya karatasi za ukaazi kwa majuma. Tulikuwa na orodha yetu wenyewe, majina kwa mpangilio wa kufika, na mimi nilikuwa mwaminifu kwa orodha ile kuliko mtu yeyote. Kila asubuhi wenye vifua vipana walipita mbele, na orodha ikabaki mfukoni mwa mtu. Nikajifunza kusukuma. Nikasukuma kwenye foleni, nikasukuma kwenye teksi, nikasukuma kazini. Nikajiona nimeerevuka. Ujinga wangu ni kwamba nilipofika mahali pamoja mjini hapa ambapo watu hawakusukumana, nilibaki nimekunja viwiko.

Mashindano yaliandaliwa na duka moja la vifaa vya uvuvi. Siku moja, kuanzia macheo hadi saa sita mchana, samaki mmoja mzito kuliko wote anashinda. Zawadi ilikuwa friza, nyeupe, mpya, ipo juu ya trela pale pale ukingoni na utepe mwekundu, kila mtu akiiona. Atakayeondoka kabla ya kipenga cha saa sita anahesabika amejitoa.

Athumani alilisha maji yake juma zima. Mimi nililisha siku moja tu, kazi zilinibana, na mahali pangu palikuwa kwenye kina kifupi penye majani. Ijumaa jioni yeye alikuwa na kazi ya kuhamisha watu vyumba, akarudi amechoka. Wengi walikuwa wanakwenda kulala ukingoni ili wasichelewe, na mimi nikapata lifti. Athumani akaniambia, "Mdogo wangu, niangalizie kijiti changu. Watakuja wageni wasiojua adabu." Nikamwambia alale bila wasiwasi.

Alfajiri akawa hajafika. Alisema atakuwepo saa kumi na moja. Ikapita. Watu wakaanza kuchomeka fimbo. Mbele ya kijiti chake maji yalikuwa yanatoa mapovu, yaani samaki wako chini, wanakula, wengi. Kila nikigeuza uso kutazama njia, sikuona taa za bakkie. Kila nikigeuza uso kutazama maji, naona mapovu. Nikatoa simu mfukoni. Sifa, hapa ndipo ninapotaka uniangalie vizuri. Niliishika ile simu mkononi, imezimwa, na kidole nimekwisha kukiweka juu ya kitufe. Nilijua nikiwasha nitampigia Athumani, na nikimpigia atasema yuko njiani, na akisema yuko njiani nitabaki mlinzi wa kijiti. Nikairudisha mfukoni. Nikajiambia bwawa ni la umma, kijiti siyo hati ya kiwanja. Nikaking'oa, nikakitupa kwenye majani, nikachomeka changu.

Ndani ya simu ile, wakati huo huo, mama yako alikuwa ananitafuta.

Pumu ilikukamata saa kumi alfajiri. Ulikuwa umegeuka buluu midomoni, ameniambia. Alipiga, akapiga, akatoka nje na kanga moja kumgongea Athumani, ambaye alikuwa ameshavaa, begi lake la uvuvi liko mlangoni. Alikubeba mikononi. Mkakaa watatu kiti cha mbele, wewe juu ya magoti ya mama, na akapita taa za barabarani, kila robot nyekundu, kutoka hapa hadi hospitali akipiga honi. Madaktari wakakuweka kwenye mvuke. Hakuondoka mpaka alipoona unapumua.

Alinifikia kama saa tatu asubuhi. Nami nilikuwa nimenasa. Kamba inalia, fimbo imepinda hadi mpini, samaki ambaye sijawahi kumpata maishani mwangu. Majirani wamekwisha kukunja kamba zao na wananitazama. Nikamwona anateremka ukingoni, bila begi, bila fimbo. Akakiona kijiti chake kwenye majani. Akakitazama kidogo. Kisha akauchukua wavu wangu, akaingia majini na viatu vyake, akaniambia, "Mpe kamba. Usimkimbize." Akamtoa yule samaki, kwa mikono yake, kutoka kwenye maji aliyoyalisha yeye, na harufu ya iliki ilikuwa inatoka kinywani mwa samaki.

Alipomweka chini kwenye nyasi ndipo aliponiambia. "Sifa alizidiwa alfajiri. Nimempeleka hospitali, sasa anapumua. Mama yake kakupigia mpaka kachoka. Twende, nimekuja kukuchukua."

Nilimwuliza kama uko hatarini. Akasema daktari amesema umevuka, lakini unamwita baba. Nikatazama trela. Nikamwambia, "Kama amevuka, saa sita siyo mbali."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyaandika hapa bila kuyapunguza. Athumani alikiokota kijiti chake, akakifuta matope kwenye suruali, akapanda kwenda garini, na akarudi hospitali kukaa na mke wangu na mwanangu. Mimi nikampeleka samaki kwenye mizani. Kisha nikakaa saa tatu kwenye kiti cha kukunja, kwa sababu ya kipenga. Sikuvua kitu kingine. Yule samaki, kwa masharti ya mashindano, alipimwa akarudishwa majini, kwa hiyo hata mchuzi wake hamkuonja.

Niliingia nyumbani alasiri, friza inashushwa na vijana wa duka. Ulikuwa kitandani, umerudi, macho makubwa. Ukasema, "Baba, umeshinda!" Ukapiga makofi. Roho iliniuma mpaka nikatamani kukupigia kelele unyamaze.

Mama yako alinivuta pembeni. Akaniuliza kama Athumani alinifikia, maana alikwenda kunitafuta akarudi peke yake, akasema watu ni wengi mno kule, hakuniona. Unaelewa alichofanya? Yule mtu alinidanganyia. Alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali, viatu vyake vimelowa kwa ajili ya samaki wangu, akamdanganya mama yako ili heshima yangu isivunjike kwa mke wangu. Nilichotakiwa kufanya ni kusema, "Hakuniona," basi. Uongo ulikuwa umeshapikwa na kupakuliwa.

Lakini nilikuwa na hofu. Nilijua siku moja ataropoka, yeye au mtu mwingine wa bwawani, na mimi nitakuwa mtu aliyebaki na samaki mwanawe akiwa hospitali. Mtu mwenye hofu hungoja kidogo tu kabla ya kumchafua mwenzake. Nikamwambia mama yako kwamba Athumani alinifikia kweli, mashindano yakiwa yamekwisha, na kwamba alichofuata ni friza. Kwamba alisema aliyembeba mtoto ndiye anayestahili kuibeba. Mama yako alinitazama muda mrefu.

"Ule mutu alibeba mutoto wangu mu mikono yake," akasema. "Sasa iko anaomba friza?"

Nikasema ndiyo. Na kwa kuwa Athumani alikuwa amemwambia hakuniona, basi yeye ndiye aliyeonekana mwongo. Wema wake ukawa ushahidi dhidi yake. Sikupanga hivyo, mimi si mwerevu kiasi hicho, lakini nilipoona mambo yamekaa hivyo niliyaacha yakae.

Mama yako unamjua. Hakuweza kukaa nalo. Jumatatu alimsubiri getini, nami niko nyuma yake natoka kwenda kazini, akamwambia kwamba friza iko ndani na kama anaitaka kama malipo ya petroli aje aibebe. Athumani alikuwa ameshika ufunguo wa gari. Alinitazama mimi, siyo mama yako. Alinipa muda, Sifa. Naapa alinipa muda wa kutosha mtu kusema sentensi nzima. Nilitazama kamba za viatu vyangu.

"Samahani, Mama Sifa," akasema. Akapita.

Mwisho wa mwezi alihama, akaenda kukaa Yeoville, mtaa wa pili tu lakini hakukanyaga tena kwetu. Siku ya kuhama ulikwenda kumwamkia, nami nikakuita urudi ndani. Kuanzia hapo akinikuta njiani anasema, "Habari za leo, bwana." Zamani nilikuwa mdogo wake.

Nilirudi bwawani, maana nilidhani kule angalau hapajaharibika. Hakuna aliyenitukana. Nilimsalimu Oom, akaitikia kwa kidevu. Nikanasa samaki wa kawaida tu, nikasubiri majirani wakunje kamba. Hawakukunja. Huyu anatafuna mkate, yule anafunga ndoana, kamba zao majini zimetulia. Samaki wangu akazunguka, akasokota kamba zote tatu pamoja, ikabidi nikate. Nilivumilia Jumamosi nne za namna hiyo. Nawaambia watu kwamba niliacha kuvua kwa sababu bwawa lilichafuka, na wewe umewahi hata kuandika insha shuleni juu ya uchafu wa maji ukamtaja baba yako. Ulipata alama nzuri.

Miaka ikaenda. Friza ikafanya kazi kuliko mtu yeyote wa nyumba hii. Kila ulipofaulu darasa nilifurahi na kuumwa kwa pamoja, na sikuweza kukuonyesha hata furaha yenyewe vizuri, ukaniona baba mgumu. Mara mbili umeniuliza kwa nini sikuja kwenye sherehe za shule. Nilikuwa nje, ng'ambo ya barabara. Niliona aibu kukaa kwenye kiti cha baba.

Ningeenda kaburini na siri hii, nakuambia ukweli. Kilichonivunja ni wewe, mwezi uliopita, wakati wa chakula. Ulisema umekutana na yule mzee wa friza sokoni Yeoville, akakuita kwa jina, akasema, "Sifa, umekuwa mtu mzima, mashallah," ukampita hukumjibu. Ulilisema kwa kujivuna kidogo, kwa sababu ulidhani unatetea nyumba yako. Ukasema, "Eish, that old man has no shame." Mama akasema ulifanya vizuri. Mimi nikaomba chumvi.

Kulikuwa na chumvi ya kutosha kwenye chakula kile. Usiku huo sikupata usingizi, na usiku uliofuata.

Jumanne ya juma hili nilikwenda kwake. Ana uwanja mdogo wa kuuzia makabati na vitanda vya mitumba, bakkie ile ile imeegeshwa nje, imebadilishwa rangi mlango mmoja. Amezeeka. Kijiti chake kimeegemezwa juu ya kabati, kimepakwa mafuta, hajakitumia muda mrefu, aliniambia magoti hayaruhusu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Nilisema machache na vibaya. Nikamwomba msamaha.

Alinisikiliza hadi mwisho, huku anasugua meza ya mtu na msasa. Kisha akasema, "Mimi hukunidanganya, bwana. Mimi nilikuwepo. Hiyo samahani umeileta nyumba siyo yake."

Nikamwambia kwamba unaondoka Jumamosi, unakwenda kazi yako ya kwanza, basi lako linatoka Park Station asubuhi. Akaacha msasa. Akauliza utafundisha nini, nikasema hesabu na sayansi. Akauliza kifua chako kikoje siku hizi. Kisha akasema atakupeleka yeye stesheni, na masanduku yako, kwa sharti moja. "Sitambeba mtoto asiyejua ni nani anambeba," akasema. "Mwambie. Umwambie na mama yake. Akikataa kupanda baada ya kujua, ni haki yake, ila ajue."

Mama yako nilimwambia jana jioni. Sikutegemea atalia, na hakulia. Alisimama, akaenda akaitoa plagi ya friza ukutani. Leo kutwa amekuwa akigawa kuku na samaki kwa majirani, anawaambia ni kwa ajili ya safari yako. Nadhani umeshangaa tangu jana kwa nini nyumba iko kimya, umezoea mngurumo ule tangu ukiwa mdogo. Sasa umejua. Sijui tutaishije yeye na mimi kuanzia Jumapili, na sikuombi ulibebe hilo, nakutajia tu usije ukalisikia kwa simu ukadhani ni jambo jipya.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako. Uisome leo, kabla hujalala, hata kama umechoka, hata kama itakukasirisha mpaka usitake kuniona. Ukitaka kunigongea mlango nitakuwa macho. Usipotaka, nitaelewa hivyo pia. Sikuombi unisamehe, na wala sitajifanya mkubwa kwa kusema sistahili. Naomba kitu kimoja. Kesho saa kumi na mbili akipiga honi, toka wewe wa kwanza, umwamkie kama alivyokufundisha, kabla yeye hajakutangulia na salamu. Amekwisha kutangulia mara nyingi mno.

Ningetaka kukuambia kwamba tutazungumza vizuri njiani, mimi na wewe, hadi stesheni. Nilimwuliza Athumani wakati tunapanga saa. Nilimwuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba maji kwa jirani: na mimi, je?

Alikuwa amerudi kwenye meza yake, anasugua. Hakusema kwa ubaya.

"Mbele panaenea watatu," akasema. "Mimi, yeye na mama yake. Kama siku ile."

Baba yako, nitakayekuwa getini.